Siku Baba Aliposhirikishwa

Baba yangu aliua kanda tatu za kaseti kwa kosa lilelile. Hakuwa na haja na wimbo mzima. Alichotaka ni gitaa lililokuwa katikati ya wimbo, basi. Anapeleka mbele, anasimamisha, kumbe kapitiliza. Anarudisha nyuma, hajafika. Anapeleka tena. Kanda ikisagwa mahali pamoja kila jioni lazima ikatike, na ikikatika anaitwa nani? Mimi, na kalamu yangu ya shule, nikae kizingitini nizungushe hadi mkanda urudi ndani. Betri za redio tulizianika juani pamoja na maharage ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Ndivyo tulivyoishi Nkoaranga, mlimani Meru, wakati huo, umeme ukiwa hospitali na kwa mchungaji tu.

Kanda zenyewe zilikuwa za mwimbaji mmoja wa pop wa Marekani. Jina silitaji, maana nikilitaja mtaanza kubishana naye badala ya kunisikiliza mimi. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini baba hakumpendea sauti. Alimpendea tabia yake ya kualika wapiga gitaa wa roki, wale mashuhuri hasa, mmoja kwenye wimbo huu, mwingine kwenye ule. Baba hajui Kiingereza cha kuombea maji, lakini wapiga gitaa wale aliwatofautisha kama anavyotofautisha ng'ombe wake. Huyu anapasua kuni, alikuwa akisema. Huyu analia ila hataki majirani wasikie. Huyu tumbo linamuuma.

Alinieleza mara nyingi, na mimi nilikuwa sielewi, kwamba pop na roki ni koo mbili zisizooana. Mtu wa roki anamwona mtu wa pop anaimbia watoto, na mtu wa pop anamwona mtu wa roki anapiga kelele. Sasa mwimbaji mkubwa vile, mwenye uwezo wa kujaza wimbo kwa sauti yake mwanzo hadi mwisho, anamwita mtu wa ukoo mwingine, anampa kiti katikati ya sebule, halafu yeye mwenyewe ananyamaza. "Sikia sasa," baba ananiambia, kidole juu. "Mwenye nyumba amenyamaza." Gitaa likiisha anashusha kidole, anasema mgeni njoo mwenyeji apone, na anaanza upya kutafuta mahali palepale.

Mimi nilisikia kelele tu. Nilikuwa mtoto na nilitaka tule.

Niseme baba alikuwa nani, msije mkadhani alikuwa mkulima tu aliyependa redio. Nilipokuwa mtoto mdogo baba alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi ya dansi pale mjini Arusha. Watu wazima wa rika lake wakisikia mimi ni binti wa nani, bado wanainua mikono na kutikisa vidole hewani. Lakini kanisani kwetu alikuwa ametengwa. Alikuwa anapiga kwenye mabaa na anaishi na mama bila ndoa ya kanisa, kwa hiyo alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Na mama naye, kwa kuwa aliishi naye, alizuiwa pamoja naye. Mama aliyekuwa na sauti ya pili kuliko wote kwenye ile kwaya! Jumapili ya ushirika wenzake wanakwenda mbele kupokea mkate na divai, yeye anabaki benchi la mwisho, kaukumbatia mkoba wake. Nilikuwa nikikaa naye. Hiyo picha sijaisahau na sitaki kuisahau.

Nikiwa darasa la pili mama aliugua. Alilazwa hospitali ya hapo hapo kwetu, wiki zikapita, tukaanza kuona shangazi zetu wanakuja kutuangalia kwa macho yale ya huruma. Baba akashuka mwenyewe kwa wazee wa kanisa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya usharika mzima, mkono umeshika mkono, akatubu, akarudishwa kundini. Mama alipotoka hospitali walifunga ndoa, yeye kakonda amevaa gauni la kuazima. Gitaa likaingia kwenye boksi lake, boksi likaingia chini ya kitanda cha mama, na baba hakuligusa tena. Tuliambiwa ameweka nadhiri. Akaingia kwaya, akaimba besi, na kilichobaki cha muziki wake kilikuwa zile kanda.

Nakiri kwamba jambo hilo lilinikaa rohoni nilipokua. Niliona wamemnyang'anya. Mimi nina hasira za karibu, waulizeni mafundi magari wa Sakina ninakofanyia biashara, na mara moja nilimwambia mama waziwazi kwamba walimkata baba mkono. Mama aliendelea kumenya ndizi. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na ukimchokoza sana anakupa kazi. Siku hiyo alinituma mafuta ya cherehani. Alikuwa akinituma hayo mafuta kila mwaka Pasaka ikikaribia, chupa ile ndogo yenye mdomo mwembamba, hata nilipohamia mjini, hata baada ya cherehani yenyewe kuuzwa siku nyingi. Nilimuuliza anapaka nini. Alijibu, "Wewe leta." Nikadhani ni bawaba za milango, nikadhani ni uzee, nikaleta.

Mama alitutoka, sasa ni mwaka wa nne. Baba amebaki juu kule na migomba yake na jirani anayemkamulia ng'ombe. Magoti yamechoka, macho yana ukungu, na vidole vimeanza kujikunja kwa baridi yabisi, asubuhi anavinyoosha kimoja kimoja kwenye kikombe cha chai ya moto. Mimi niko Sakina, nauza spea za magari kandokando ya barabara ya Nairobi. Nampigia kila asubuhi kabla sijafungua duka. Ananiambia habari za mvua, mimi namwambia habari za foleni.

Asubuhi moja sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao sikuusikia tangu msiba. Akaniambia kuna mchungaji mpya, mwanamke, kampigia simu. Sauti nzuri sana, mpole, alianza na shikamoo. Simu ilikuwa inakatikakatika lakini jambo lenyewe alilisikia vizuri: Jumamosi anakuja nyumbani kumshirikisha.

Mwenye kujua kanisa letu anaelewa. Mzee akishindwa kwenda ibadani, mchungaji anampelekea mkate na divai nyumbani, na hilo ndilo tunaita kumshirikisha. Baba alikuwa hajafika kanisani miezi miwili kwa ajili ya magoti na lilikuwa linamsumbua. Akaniagiza nipande Ijumaa, nipike, nilete kitambaa cheupe kisicho na doa. Niliacha duka na kupanda.

Jumamosi asubuhi baba alivaa suti ya harusi ya kaka yangu. Alinyoa ndevu akajikata mara mbili. Nilitandika meza, nikaweka kitambaa, nikaweka mshumaa kwenye sahani, nikarudi jikoni kwenye ndizi na nyama. Dirisha la jikoni linatazama njia, na saa nne hivi nikaona gari limeachwa chini barabarani na watu wawili wanapanda kwa miguu. Mwanamke kijana, gauni jeusi refu, kilemba cheusi, kola nyeupe. Nyuma yake mwanamume mwenye begi jeusi la mstatili. Nikajua huyo ni mwinjilisti kabeba vyombo vya ushirika. Kilichonitia shaka ni kucha za mchungaji, ndefu, rangi ya zambarau, lakini nikajisemea ndio wachungaji wa siku hizi, tutafanyaje.

Baba aliwapokea mlangoni. Akasema Bwana asifiwe, mchungaji, karibu. Binti akapiga goti kidogo akajibu amina, shikamoo Baba. Baadaye alituambia kwamba Dar es Salaam mashabiki wanamwita malkia, jemadari, mama wa taifa, kila jina, kwa hiyo kuitwa mchungaji halikumshtua. Alidhani mzee anamsifia.

Waliketi. Mimi nikawa nakuja na maji ya kunawa, na nikiwa bado mlangoni nikamsikia baba anaanza kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu mdogo.

"Mchungaji, kabla hujanishirikisha, nina jambo la kuungama. Niliahidi mbele ya madhabahu kwamba mke wangu akipona sitapiga gitaa tena. Alipona. Mkono wa kulia umetii. Wa kushoto umekataa. Mahubiri yanaendelea, wenyewe uko chini ya kitabu cha nyimbo, unapiga. Siku namzika mke wangu, mchungaji, mkono ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, unapiga. Miaka yote hii nimepokea mkate nikiwa mwongo. Na sasa vidole vinafunga. Naogopa kufa na huo uongo, na naogopa pia vidole vifunge. Sijui naogopa kipi zaidi."

Jagi lilikuwa mkononi mwangu na maji yakawa yanamwagikia miguu yangu. Nilikuwa nimeishi na huyu mtu miaka yote, nimemkasirikia, nimemtetea kwa mama, na sikuwahi hata siku moja kuutazama mkono wake wa kushoto.

Binti akatoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni mbele ya baba.

"Baba, nisamehe. Mimi siyo mchungaji. Mimi ni mwimbaji. Nilisema naomba nikushirikishe kwenye wimbo wangu."

Nilimfokea. Sikuchagua maneno. Nilimuuliza ni malezi gani hayo, kukaa kwenye kiti cha watu na kumsikiliza mzee anaungama hadi mwisho ilhali anajua fika hana upako wowote. Akanitazama machozi yanamtoka, akaniuliza taratibu angemkatiza vipi. Hata mimi nilikuwa nimesimama pale pale na nilikuwa sijamkatiza.

Tukamgeukia baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikadhani tumemuua mzee wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka hadi akakohoa, akafuta macho kwa kile kitambaa cheupe kisicho na doa. Akasema miaka yote anatafuta ujasiri wa kuungama, na siku alipoupata ameungama kwa Bongo Fleva.

Chakula kilikuwa tayari na mgeni haondoki kwetu bila kula, awe mchungaji au asiwe. Wakala. Yule mwinjilisti wangu kumbe ni mtayarishaji wake wa muziki, na ndani ya begi mlikuwa na kompyuta. Binti akatueleza kilichomleta. Babu yake mzaa mama alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya baba. Alimlea yeye hapa hapa Arusha, na alikuwa akimwambia kila mara kwamba solo bora iliyowahi kupigwa mji huu imefungiwa kwenye boksi huko mlimani. Babu alishafariki. Sasa binti ana wimbo, wa kumkumbuka babu, na katikati yake ameacha nafasi. Wapiga gitaa mashuhuri watatu wameshamtumia sehemu zao, mmoja kutoka Nairobi, wawili wa huko mbali wenye bendi za roki, na zote ni nzuri, na zote ameziondoa. Alipozisikiliza, alisema, alisikia wageni wamekuja na chakula chao.

Baba alimtazama kwa yale macho ya ukungu. Akamuuliza wakati gitaa linapiga, yeye anafanya nini. Binti akajibu kwamba ananyamaza. Nikaona kidole cha baba kimejiinua chenyewe juu ya meza, kama zamani, kisha kikashuka.

Lakini alikataa. Alisema ameguswa, na alimpenda babu yake, na angependa mno, ila nadhiri haivunjwi kwa sababu wageni ni wazuri. Aliahidi, Mungu akatekeleza upande wake, mama akaishi miaka thelathini na ushee. Binti hakubishana, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Aliomba kitu kimoja: alione tu hilo gitaa. Babu yake alimwambia ni jekundu na yeye hakuwahi kuamini.

Baba akafikiri. Akasema kuangalia siyo kupiga.

Nikaingia chumbani, nikapiga magoti chini ya kitanda cha mama. Nilitarajia vumbi, mende, waya zilizoliwa na kutu. Miaka yote ile, na ukungu wa Meru ulivyo, hata jembe likilala nje wiki moja linageuka. Nikalivuta boksi hadi sebuleni. Halikuwa na vumbi. Nikafungua vile vifungo viwili na vikafunguka laini, bila kulia.

Gitaa lilikuwa jekundu linang'aa. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa zote sita, hazina hata doa la kutu. Limelazwa juu ya kitambaa cha zambarau, nami kitambaa kile nilikijua, ni joho la kwaya la mama, lile la zamani, limekatwa na kupindwa kingo kwa mkono. Na pembeni, kwenye kile kisanduku cha ndani, zilikuwa zimepangwa chupa ndogo zenye midomo myembamba, tupu, moja moja, za Pasaka zote.

Nikakaa chini sakafuni. Nikasema, "Baba, ni mafuta ya cherehani." Sikuweza kuendelea. Binti na mtayarishaji wake hawakuelewa kitu, na ilinibidi niwaeleze nikiwa nalia, habari za cherehani iliyouzwa na mimi nilivyolalamika kila mwaka kwamba mama ananisumbua.

Baba alijishusha kutoka kitini, magoti yakimuuma, akaja kukaa sakafuni karibu nami. Akaweka mkono juu ya nyuzi bila kuzibonyeza. Akanusa vidole vyake. Alikaa hivyo hadi chai ikapoa mezani.

"Angetaka life," alisema mwishoni, "angeliacha liote kutu."

Nadhani baba na mama waliogopana. Baba hakuuliza habari za gitaa kwa sababu aliweka nadhiri kwa ajili ya mama. Mama hakusema kwa sababu nadhiri haikuwa yake kuivunja. Basi mmoja anapiga gitaa mfukoni mwa koti, mwingine anapaka mafuta chini ya kitanda, na wote wanalala chumba kimoja. Nimekasirika kwa ajili ya jambo hilo na nimewapenda kwa ajili ya jambo hilo, na hadi leo sijui nianze na lipi.

Jumatatu baba alinilazimisha nimpeleke kwa mchungaji, wa kweli safari hii. Alimweleza yote, na habari ya kuungama kwa mtu asiyestahili pia. Mchungaji wetu ni kijana, umri wa mtoto wangu wa kwanza. Alisikiliza, akaomba naye, akamwambia kwamba mke wake hakuponywa kwa kubadilishana na gitaa, Mungu siyo dalali. Kisha akauliza kama baada ya huo wimbo angeweza kuwasaidia vijana wa kwaya, maana gitaa lao la solo ni aibu. Baba alitoka pale amenyooka.

Vidole ndivyo vilivyokuwa vita. Alimwomba binti wiki tatu. Nilihamia kwake, duka nikaliacha kwa mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye anauza kila spea kama anaitoa kwa machozi. Kila asubuhi nilimchemshia baba maji, analoweka mikono, nampaka dawa ya baridi yabisi, anaanza. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikataa kabisa. Siku ya kwanza alipiga noti nne akaacha. Siku ya tano alitukana kwa Kimeru, neno ambalo mzee wa kwaya hapaswi kulijua. Gitaa lile ni la umeme na hatukuwa na spika, kwa hiyo lilitoa sauti ndogo kama panzi, ilikubidi uinamie ndipo usikie. Niliinama. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia baba yangu anapiga.

Wiki ya pili alikoma kupigana na kile kidole. Akatafuta njia ya kukipita. Palipokuwa na noti nyingi aliweka chache, na hizo chache akazivuta. Nikamwambia baba, sasa unalia ila hutaki majirani wasikie. Alicheka, akasema kumbe nilikuwa nasikiliza.

Studio iko mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi. Baba alivaa ile ile suti. Wakamvalisha spika za masikioni, wakamketisha nyuma ya kioo, wimbo ukaanza. Sasa kulikuwa na jambo ambalo binti alikuwa hajatuambia. Pale kwenye nafasi ya gitaa, kabla hajanyamaza, amerekodi sauti yake anasema "shikamoo Baba," kumsalimia babu yake aliyemlea, ambaye alizoea kumwita Baba. Baba akaisikia masikioni. Akajibu "marahaba mwanangu," kwa heshima zote, na solo ikampita.

Wakarudia. Mtayarishaji alimwelekeza kwamba hiyo ni sehemu ya wimbo, asijibu. Baba akakubali kwa kichwa. Shikamoo ikaja, akajibu tena, akajishika mdomo. Mara ya tatu vilevile. Alitoka nyuma ya kioo akajitetea kwamba yeye hawezi kuacha salamu ya mtoto ining'inie hewani, hakulelewa hivyo, kama wanataka mtu wa hivyo wawaite wale wa roki. Binti alicheka hadi akakaa chini. Akamwambia ajibu tu, halafu apige, wataiacha hivyo hivyo.

Akajibu, halafu akapiga. Ni sekunde kama ishirini. Noti ni chache, zinavutwa, na moja karibu na mwisho inatetemeka pale ambapo kile kidole kilijaribu kufika na hakikufika. Mtayarishaji alitaka kuirekebisha kwenye kompyuta. Binti akamwambia akiigusa hiyo noti atafute kazi nyingine. Na wakati wote wa gitaa alinyamaza, kwenye wimbo na pale chumbani, kichwa chini. Mimi nilisimama na kidole changu juu na sikujua nimekiinua saa ngapi.

Tulipokuwa tunaondoka mtayarishaji alifungua kompyuta kuandika majina, maana wimbo ukitoka huandikwa jina la mwimbaji, kisha akimshirikisha nani. Akamuuliza baba aandikwe vipi. Baba akataja jina lake, kisha akataja la mama, lote, na la ukoo wake, polepole ili asikosee herufi. Kijana wa watu akasita. Akauliza kwa adabu kama mama naye aliimba mahali, maana hakumbuki kumrekodi.

"Hakuimba," baba alisema. "Ameshiriki."

Kijana akaandika.

Wimbo umetoka na umependwa, siwezi kudanganya. Mafundi wa Sakina wanaupiga kwenye kila gari wanalolifungua, na inapofika ile salamu karakana nzima inajibu marahaba mwanangu kwa sauti ya baba, kisha wananitazama kuona kama nitakasirika. Wameshasoma majina kwenye simu zao. Wananiuliza mama anasikika wapi. Wapo wanaobisha kwamba wamemsikia, kwenye kiitikio, sauti ya pili. Mimi nawaambia subirini gitaa lianze, halafu nyamazeni.

Wiki ijayo napanda Nkoaranga. Pasaka imekaribia, na baba ameniagiza mafuta ya cherehani.